Nimelipia mwaka mzima, huduma wameibadilisha katikati, wanasema nilikubali mwenyewe

Anti shikamoo,

Mimi ni dada mpiga picha hapa Dodoma, nina kistudio changu Majengo sio mbali na soko. Napiga sendofu, kicheni pati, ndoa, kipaimara, na msimu wa mahafali ndo usiseme, pale UDOM na St. John's unaweza ukapiga siku nzima mpaka kadi za kamera zinakuishia mkononi. Nina mwenzangu tunafanya nae, yeye upande wa video.

Sasa Anti kazi yetu sa hizi sio ile ya zamani ya kusafisha picha unampa mtu albamu basi. Mteja anataka linki. Unamtumia WhatsApp, anafungua anaona picha zote na video, anamrushia shangazi yake Mwanza na kaka yake alieko Oman, wote wanafurahi na wewe unapata wateja wengine hapohapo. Kwa hiyo mwaka juzi nikajiunga na huduma moja ya nje ya kuhifadhi picha na video mtandaoni, jina nisilitaje. Tangazo lao lilikua linasema nafasi isiyo na kikomo, ubora uleule uliotoka kwenye kamera, na linki isiyokufa. Dola 96 kwa mwaka, kama laki mbili na nusu hivi. Nikapiga hesabu nikaona sio mbaya, maana hardi diski nazo sa hizi bei zake unazijua, na zikidondoka mara moja tu habari imeisha.

Mwaka wa kwanza ulienda vizuri sina la kusema, nikalipia tena mwaka wa pili. Huu wa pili nimetumia miezi mitano tu. Siku moja naingia kwenye akaunti nakuta kibango cha bluu juu, eti kifurushi changu kimebadilishwa jina na kuanzia sasa kina gb 200. Mimi nina karibu gb 900 mle! Na video ikizidi dakika kumi haichezi tena kwenye linki, mpaka uhamie kifurushi cha juu ambacho ni dola 25 KWA MWEZI. Nimepewa siku 30 nipunguze vitu au nipande, la sivyo wataanza kufuta wenyewe kuanzia vya zamani. Imeli hawakutuma, nimepekua mpaka kwenye spamu hamna kitu, yaani ningekua nimesafiri wiki mbili Mpwapwa kwa wazazi ningerudi nakuta siku zimeshaliwa nusu.

Nikaandika huduma kwa wateja. Kwanza nikajibiwa na roboti, baadae ndo akaja mtu, akanikopia kipengele kwenye vigezo na masharti kwamba wao wanaweza kubadilisha, kusimamisha au kuondoa huduma yoyote au sehemu yake muda wowote, kwa taarifa au bila taarifa, na hawatawajibika kwangu wala kwa mtu mwingine. Akamalizia kwa kuniambia nilibonyeza Nakubali siku najiunga, asante kwa kua mteja wetu. Ni kweli nilibonyeza, nani habonyezi.

Kinachoniumiza sana ni mama mmoja wa Kisasa. Tulimpigia sendofu ya binti yake, na kwenye ile video kuna sehemu mzee wake anampa binti nasaha, anachanganya Kigogo na Kiswahili, ukumbi mzima ulikua unalia. Yule mzee amefariki mwezi uliopita. Ukoo unataka ile sehemu waioneshe siku ya arobaini, mama anafungua linki anakuta maandishi kwamba maudhui hayapatikani. Kanipigia anasema tumemuuzia hewa. Faili kamili liko kulekule kwenye hiyo huduma, kwenye laptop mimi nimebaki na ile fupi ya dakika tatu tu ambayo mzee anaonekana anacheka basi.

Anti naomba unisaidie. Hivi hii ni halali kweli, mtu anachukua hela yako ya mwaka halafu anabadilisha katikati bila hata kukwambia? Naweza kurudishiwa hela yangu? Kaka yangu anasema twende TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, au mahakamani kabisa. Na mwenzangu yeye anasema tusihangaike, na sisi tuweke kipengele kama hicho kwenye risiti zetu, kwamba studio inaweza kubadilisha huduma muda wowote bila taarifa, ili siku nyingine mteja akija juu tumuoneshe kama sisi tulivyooneshwa. Mimi moyo unakataa lakini sijui kwa nini unakataa.

Dada wa kamera, Majengo

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe pole yule mama.

Tuanze na mzee kabla ya sheria maana arobaini haisubiri rufaa. Faili bado lipo, hawajalifuta, wamelifungia tu kwenye linki ya mteja. Kwa hiyo ingia wewe mwenyewe kama mwenye akaunti, jaribu kulishusha moja kwa moja bila kupitia kwenye linki. Mara nyingi wakizuia kutazama hawazuii kushusha, kwa sababu hata wao wanajua kumkatalia mtu mali yake ni kesi nyingine kabisa. Ukikuta na kushusha wamefunga, lipa hiyo dola 25 ya mwezi mmoja, najua inauma, lakini lipa. Kifurushi cha MWEZI, sio cha mwaka, wakikuchombeza na punguzo la mwaka pita kushoto. Toa video, weka kwenye flashi mbili, ya kwanza mpelekee mama mkononi na ya pili ibaki studio. Na usimtumie meseji ndefu ya kujieleza kuhusu kampuni ya nje na kipengele namba ngapi, yeye hakufanya biashara na kampuni ya nje, alifanya na wewe. Mpigie, mwambie video ipo, unaileta lini, basi.

Baada ya hapo anza kuhamisha vilivyobaki, na hapa naomba uwe na subira na kalamu maana watu wengi wanashtukia siku ya 28. Gb 900 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda bila kukatika hata dakika, ni zaidi ya siku nane usiku na mchana. Na wewe unaijua intaneti ya bando la simu inavyokatika jioni Majengo watu wote wakirudi nyumbani. Kwa hiyo usianze na folda ya kwanza kwa mpangilio wao. Anza na kazi ambazo bado unadaiwa, kisha video ambazo huna nakala popote, kisha picha za ndoa, mahafali mwisho kwa sababu wale wahitimu wengi walishashusha za kwao siku ileile wakaweka stetasi. Kama una rafiki mwenye ofisi ya faiba huko mjini muombe uache laptop usiku kucha, mnunulie soda. Na hardi diski uliyokua unaikwepa itabidi uinunue, zikiwa mbili ndo vizuri zaidi, na zisikae chumba kimoja.

Na wakati unashusha usigombane nao bado. Namaanisha usiwaandikie matusi wala usibonyeze kufunga akaunti kwa hasira, kwa sababu kwenye masharti yaleyale kuna kipengele kingine kinachowaruhusu kufunga akaunti ya mtu wanaemuona msumbufu, nakuhakikishia kipo, hakikosekanagi.

Sasa twende kwenye swali lako la halali.

Kile kipengele ni cha kawaida sana. Redioni tumezoea tangazo linaisha jamaa anakimbiza "vigezo na masharti kuzingatiwa" kama anakimbizwa na mbwa, na huku mtandaoni ni hivohivo ila wameandika kurasa arobaini. Na sio kila sababu yake ni mbaya, tuwe wakweli. Mwenye huduma akigundua tundu ambalo wezi wanapitia inabidi azime kitu usiku huohuo, hawezi kusubiri atume imeli kwa watu milioni kumi. Au sheria ya nchi yao imebadilika. Au ile huduma ni ya bure, na ukipewa cha bure kikabadilika unalalamika kwa nani. Kwa mambo hayo mimi siwalaumu.

Ila wewe ulilipa. Na ulilipa mbele, kwa kipindi kinachojulikana, kwa kitu kilichotajwa. Hapo ndo naona wanachanganya mambo mawili kwa makusudi. Kuwa na haki ya kubadilisha huduma kwenda mbele ni jambo moja, kukaa na hela ya miezi ambayo hawakupi tena ulicholipia ni jambo lingine, na kipengele chao kinasema la kwanza tu. Wewe unaishi Dodoma, tangu serikali ihamie hapa unajua kodi za nyumba zilivyo na wenye nyumba wanavyotaka miezi sita au mwaka mbele. Mwenye nyumba akipokea ya mwaka halafu mwezi wa tano akachukua vyumba viwili kati ya vitatu, anaweza akawa na sababu zake, lakini hela ya vile vyumba viwili kwa miezi saba iliyobaki iko wapi?

Na usidhani hili nalitoa kichwani. Kampuni kubwa zimeshapita njia hii na zikafanya tofauti na hawa wako. Microsoft walikua na nafasi isiyo na kikomo kwenye OneDrive, ghala lao la faili mtandaoni, kwa wanaolipia Office 365, Novemba 2015 wakaifuta wakarudisha terabaiti 1 (kama gb 1,000), wakasema kuna watu wachache walikua wamejaza zaidi ya terabaiti 75 mtu mmoja. Lakini walitangaza, wakatoa mwaka mzima kwa waliozidisha waondoe vitu vyao, na wakasema asiyeridhika atarudishiwa hela ya kipindi kilichobaki. Amazon nao mwaka 2017 waliondoa kifurushi chao cha bila kikomo cha dola 59.99, aliekua ameshalipia akaachwa amalize mwaka wake. Google Photos walikua wanakupa bure bila kikomo tangu 2015, wakatangaza Novemba 2020 kwamba kuanzia Juni 1, 2021 picha mpya zitahesabiwa kwenye zile gb 15 za bure za kila akaunti, na za zamani hazikuguswa. Miezi zaidi ya sita ya taarifa, na huyo alikua anatoa bure!

Wapo pia waliofanya kama wako. Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, katikati ya 2017 walibadilisha masharti kimyakimya, picha zote ambazo watu walikua wameziweka kwenye tovuti nyingine, wauza bidhaa eBay, watu wa magari, mafundi, zikageuka kibango kimoja kinachosema panda kifurushi cha dola 399.99 kwa mwaka. Kelele zilizopigwa mpaka mwaka uliofuata wakalegeza wenyewe.

Unaona mwanangu hilo neno "bila kikomo" siku zote linaishia pabaya, na hesabu yake iko wazi. Diski zinanunuliwa kwa hela, umeme wake kwa hela, na bei wanaipanga kwa kuamini wengi wetu tutaweka kidogo. Akija mpiga picha wa sendofu na gb 900 zake kwa dola 8 kwa mwezi, wewe ndo yule mteja wanaetamani aondoke, na kifurushi cha dola 25 kimepangwa kwa ajili yako hasa. Mimi nikiona "bila kikomo" natafuta kwanza kikomo kiko wapi ndo naendelea kusoma.

Kisheria. Hapa kwetu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inasema mapatano yanakua mkataba yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kufanya mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mikataba ya mtandaoni, kwa hiyo ile Nakubali yako ina uzito, usiende popote ukasema hukukubali. Unachosema ni kwamba ulikubali MAMBO YOTE, pamoja na ile dola 96 kwa mwaka kwa nafasi isiyo na kikomo, na wao pia walikubali hilo. Hata Marekani ambako kampuni nyingi za namna hii zimeandikishwa, mahakama ya rufaa mwaka 2007 ilisema kwenye kesi ya bwana Douglas na kampuni ya simu ya Talk America kwamba mteja hana wajibu wa kwenda kila mara kuchungulia tovuti aone kama masharti yamebadilika. Kampuni ilikua imebandika masharti mapya kwenye tovuti bila kumwambia, yeye akaendelea kutumia simu miaka minne na kadi yake inakatwa yenyewe, wakamwambia basi umekubali. Mahakama ikakataa. Na Ulaya tangu 2022 wana kanuni kwamba huduma ya kidijitali ikibadilishwa lazima sababu iwe imetajwa kwenye mkataba, mteja asiongezewe gharama kwa mabadiliko hayo, ataarifiwe kwa lugha ya kueleweka, na yakimuumiza kwa kiasi cha maana ana siku 30 za kujitoa bila kulipa kitu. Sheria za huko hazitakuja kukukomboa Majengo, nakwambia ili ukiandika ujue hauombi hisani.

Basi waandikie, faili zako zikishakua salama. Ila kwanza kusanya vitu. Risiti ya malipo, skrinishoti ya kile kibango cha bluu na tarehe ionekane, majibu ya yule mtu wa huduma kwa wateja. Yale masharti yahifadhi kama pdf, angalia chini au juu yameandikwa yalibadilishwa lini. Halafu nenda kwenye tovuti ya Internet Archive, ile inayoitwa Wayback Machine, weka anwani ya ukurasa wao wa bei na wa masharti, chagua tarehe karibu na siku uliyolipia. Wale wanahifadhi nakala za kurasa za watu kwa miaka na miaka, ukibahatika utakuta tangazo lao lilelile la bila kikomo limekaa linakusubiri. Na yasome masharti ya siku hiyo, sio ya leo. Mara nyingi kile kipengele cha bila taarifa kiko kwenye sehemu ya huduma kwa ujumla, ukishuka chini kwenye sehemu ya malipo unakuta kuna ahadi ya kumtaarifu mteja anaelipa kabla ya kubadilisha bei au kifurushi. Wale wa huduma kwa wateja huwa wanakopi cha kwanza tu, cha pili wanakisahau kwa bahati mbaya.

Barua iwe fupi. Waambie hivi: tarehe fulani nililipa dola 96 kwa mwaka kwa kifurushi mlichokitangaza hivi (ambatanisha). Tarehe fulani mmekibadilisha kabla mwaka haujaisha na bila kunitaarifu. Sipingi nyie kubadilisha huduma zenu, naomba mchague, mniache kwenye kifurushi nilicholipia mpaka tarehe ya mwisho ya mwaka wangu, au mnirudishie dola 56 za miezi saba iliyobaki na mnipe siku 60 za kuhamisha faili zangu. Nasubiri jibu ndani ya siku 7. Hiyo dola 56 ni hesabu tu, 96 gawa kwa 12 ni 8, mara saba. Usiweke machozi, usiweke habari za mzee, wala usidai fidia ya mamilioni kwa ajili ya jina lako kuharibika, ukiweka hayo barua inapelekwa kwa mwanasheria na mwanasheria analipwa kwa kuchelewesha. Mtu wa kawaida dawatini anaweza kurudisha dola 56 bila kumuuliza bosi.

Wakikataa, nenda kwa waliokupa kadi uliyolipia. Kama ni kadi ya benki nenda tawini, kama ni ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu wapigie wenye mtandao, mwambie unataka kupinga muamala kwa sababu huduma uliyolipia haitolewi kama ilivyotangazwa. Visa na Mastercard wote wana utaratibu huo, una mwisho wa muda kwa hiyo usikae nao miezi, na watakuuliza kama ulianza kwa muuzaji mwenyewe, ndo maana ya ile barua.

Kuhusu kaka yako. TCRA ofisi ya kanda ipo hapahapa Dodoma, lakini wale wanasimamia waliowapa leseni, mitandao ya simu, intaneti, ving'amuzi, vifurushi vya mabando. Kingekua ni kifurushi chako cha simu kimebadilishwa ningekwambia lalamika kwa mtandao wako kwanza, wasipokujibu vya kueleweka nenda TCRA, na kuna Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, kazi yao ndo hiyo. Kelele za wateja zinafanyaga kazi huko, Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza watu wakawaka na serikali ikavisitisha palepale. Kwa kampuni ya nje isiyo na ofisi wala leseni hapa watakusikiliza kwa heshima halafu basi. Tume ya Ushindani, FCC, ndo yenye kazi ya kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na tangazo la uongo ni jambo lao, kuwaandikia sio vibaya, ila usitegemee hela irudi mwezi huu. Mahakamani sahau. Masharti yao yatakua yamesema kesi isikilizwe kwao huko, na nauli ya wakili inazidi dola 56 kabla hajafika stendi. Kaka ana nia njema lakini hii sio vita ya kwenda na panga.

Nimeiacha ya mwenzako kwa makusudi maana ndo imenikera.

Unaniambia moyo unakataa na hujui kwa nini. Unakataa kwa sababu wewe ndo umekaa upande wa pili wa hicho kipengele juzi juzi tu. Sasa fikiria umekiandika kwenye risiti, bibi harusi wa Nkuhungu kalipa laki nane, siku ya ndoa mnaenda na kamera moja badala ya mbili kwa sababu nyingine mmeipeleka kwenye kazi yenye hela zaidi, mnamuonesha risiti. Kampuni ya nje ina wateja milioni, ikimpoteza mmoja haijui. Dodoma ni mji mdogo wa kuambiana, kwenye kicheni pati moja kuna wateja wako kumi na tano wamekaa meza moja. Na kumbuka hata kisheria huo mkataba wenu utakua dhaifu, maana ahadi ambayo mwenye kuitoa anaweza kuifuta muda wowote anaotaka, mahakama itauliza hapa aliahidi nini hasa.

Lakini hiyo haimaanishi msiandike kitu. Andikeni, na muandike vitu vyenye tarehe na idadi. Linki itakaa hewani siku 90 tangu kukabidhiwa. Mteja atapewa flashi yenye picha zote na video kamili, gharama iko ndani ya bei. Studio itatunza nakala mwaka mmoja, baada ya hapo haiwajibiki. Ikilazimu kubadilisha mpiga picha au siku ya kukabidhi, mteja atapigiwa simu kabla, asiporidhika anarudishiwa malipo ya sehemu ambayo haijafanyika. Msomee kwa mdomo wakati anatoa advansi, asaini, mpe nakala. Hapo umejilinda kuliko huo ujanja wa mwenzako, kwa sababu siku ya 91 akija anafoka una karatasi inayosema siku 90 na sahihi yake iko chini. Na usiwahi tena kuandika "linki isiyokufa" kwenye matangazo yako, nimeangalia barua yako nikajiuliza kama na wewe uliwaahidi wateja hivohivo ulivyoahidiwa. Kama uliwaahidi, watumie ujumbe wote sasa, wape tarehe ya mwisho ya zile linki za zamani, na anaetaka aje na flashi yake.

Halafu kuna jambo hukulitaja na mimi naogopa umelisahau. Ingia kwenye mipangilio ya malipo leo, zima kule kujilipia kwenyewe kila mwaka. Usipozima, ile tarehe ikifika watakata kwenye kadi bei mpya ya kifurushi wanachotaka wao, na ukilalamika unajua watakukopia kipengele gani. Ukishazima piga skrinishoti, na kama kadi ni ya simu usiache hela ndani yake.